Filamu Ni Yake, Si Yako: Dhana Potofu Kuhusu Kutoa Mrejesho wa Pichi

Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Filamu ya saa moja na nusu, basi, ni kurasa 90 hivi, na mwandishi aliyeanza na wazo lenye tundu atakutana na tundu hilo ukurasa wa 40, miezi imeshapita. Ndiyo maana naithamini sana kazi ya kusoma pichi: sentensi moja au mbili, mara nyingi maneno 25 hadi 50, zinazosema filamu inamhusu nani, anataka nini na nini kinamzuia. Kasoro ikionekana hapo, kalamu na nusu saa vinatosha kuirekebisha. Lakini wengi tunaosoma pichi za wenzetu tuna imani ambazo badala ya kumsaidia mwandishi zinampoteza.

Dhana: Mtoa maoni mzuri huja na suluhisho

Hii ndiyo inayoua mawazo mengi kuliko zote, na wanaoifuata ni watu wenye nia njema kabisa. Dada mmoja kutoka Tanga alituletea pichi hii, tukiwa watu wanne tumezunguka meza:

"Kijana mvuvi anapambana na changamoto za maisha baada ya baba yake kufariki, hadi anapotimiza ndoto zake."

Wa kwanza akasema, mfanye avue kwa baruti, polisi wamkimbize. Wa pili akataka mapenzi: kijana ampende binti wa tajiri. Wa tatu akaleta jini la baharini. Dakika kumi hazijaisha, mezani kuna filamu tatu na hakuna hata moja iliyo ya yule dada. Yeye ameinamia daftari, anaandika kila linalosemwa, uso umemshuka.

Ukweli ni kwamba wote watatu walijikwaa mahali pamoja. Hakuna aliyejua kijana yule anataka nini, kwa hiyo kila mmoja akamtafutia cha kutaka. Wasomaji watatu wakikwama sehemu moja, hapo pana kasoro, hata kama dawa wanazopendekeza hazifanani. Unachomdai msomaji ni hicho tu: aonyeshe alipokwama. Tiba anaijua mwenye hadithi, na mara nyingi anayo tayari, ila hajaulizwa.

Basi tukamuuliza. Kijana anataka nini? Nani anamzuia? Akishindwa, anapoteza nini?

Akajibu papo hapo. Marehemu aliacha mashua, na deni kwa tajiri aliyemkopesha fedha za mashine. Baba mdogo amekwisha kuahidi kwamba arobaini ikisomwa, mashua inaenda kwa tajiri. Bila chombo, mama na wadogo zake hawana kwa kushika. Hayo yote alikuwa nayo kichwani, karatasi ndiyo haikuwa nayo. Akaandika upya palepale:

"Baba yake anapofariki na kuacha deni, mvuvi wa miaka 17 ana siku arobaini za kuikomboa mashua ya familia kabla baba yake mdogo hajaikabidhi kwa tajiri."

Hakuna tukio letu humo. Na angalia kazi inayofanywa na hiyo arobaini: msomaji wa pwani anajua kuwa siku hiyo nyumba itajaa watu, hitima itasomwa, na hakuna wa kuiahirisha. Sisi tungempa polisi na risasi, na tusingefika hapo.

Dhana: Ukali ndio ukweli

"Hii imechoka." "Haina mvuto." Kauli kama hizi zina ukali lakini hazina anwani. Pacha wake ni "stori kali, hongera," ambayo nayo haimwambii mwandishi kitu. Mwambie neno lenyewe lililokukwamisha: nilipofika "changamoto za maisha" sikuona tena picha yoyote, nilipofika "mashua" nikamwona mtu, nikaona na bahari. Kwa mrejesho huo anajua wapi aguse na wapi aache.

Dhana: Ni fupi, naweza kuisoma huku nafanya mengine

Ufupi wake ndio unaodai utulivu, maana kila neno limebeba mzigo. Njia yangu ni hii: naisoma mara moja, nafunika karatasi, kisha namsimulia mwandishi hadithi niliyoielewa. Hapo mwandishi hujifunza zaidi kuliko kwenye maoni yangu yote, kwa sababu anasikia kilichofika na kilichodondoka njiani. Nikimtaja mhusika ambaye hayumo, au nikimsahau aliye muhimu, hana haja ya kuambiwa kuna tatizo.

Dhana: Mwisho usiguswe, utaharibu utamu

Sentensi ya pichi haina lazima ya kufichua mwisho. Muhtasari wa ukurasa mmoja unayo lazima hiyo. Anayeusoma ni prodyuza au msimamizi wa mfuko, naye anataka kujua kama mwandishi anaweza kuifikisha hadithi pwani. Kumshauri mwandishi afunge muhtasari wake kwa "Je, atafanikiwa?" ni kumchanganyia muhtasari na bango la matangazo.

Dhana: Kusahihisha Kiingereza ni kutoa mrejesho

Fedha nyingi za filamu huku kwetu huombwa kwa Kiingereza, na masoko ya filamu kama Durban FilmMart, lililoanza 2010, nayo huendeshwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtu hukuletea pichi ya lugha hiyo, nawe unamaliza muda wote kwenye vitenzi vyake. Hilo linaumiza, kwa sababu anaondoka akidhani hadithi yake ni mbovu, kumbe ni sarufi. Mwambie akusimulie kwanza kwa Kiswahili. Sarufi ina siku yake.

Dhana: Ukiwaonyesha watu wazo, wataliiba

Hofu hii ina msingi, lakini sheria isieleweke vibaya. Hakimiliki hailindi wazo tupu, inalinda namna lilivyoandikwa; TRIPS, mkataba wa kimataifa wa 1994 kuhusu haki za ubunifu, unasema hivyo wazi katika kifungu cha 9. Kwa hiyo mwenye wazo aliandike kwa kirefu, atunze nakala zenye tarehe, na akitaka asajili kazi yake kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara au KECOBO kwa Kenya. Nasi tunaosoma tuna deni letu: pichi ya mtu haitumwi kwenye kundi la WhatsApp "mwione tu." Umepewa wewe.

Dhana: Mwandishi asiyekubali ushauri ana kiburi

Wiki chache baadaye yule dada alirudi, na safari hii mwenye pendekezo nilikuwa mimi. Nikamwambia mama aende ufukweni mwenyewe, akabiliane na tajiri mbele ya wavuvi wote. Akatikisa kichwa. "Mama yuko edani, kaka. Miezi minne na siku kumi. Hatoki."

Alikuwa sahihi, nami nikafuta pendekezo langu. Kisha akaniambia alichokuwa anakiandika: mama yuko ndani, anapanga yote kupitia dirishani, na kila anayekuja kumpa pole anaondoka na ujumbe wa kupeleka mahali.