Solaris bado inalipa, ila haina mteja mpya

Juzi kijana mmoja anayesomea kompyuta hapa Mbeya alinipigia: "Shikamoo mzee. Nimepata kitabu cha Solaris. Nikisome, au nitapoteza muda?" Nilicheka. Mfumo endeshi huo ndio ulionisomeshea watoto.

Kufa, haifi leo wala kesho. Oracle, walioinunua Sun Microsystems, kampuni iliyoitengeneza Solaris, mwaka 2010, walitoa toleo la 11.4 mwaka 2018 na bado wanalitolea viraka. Ila prosesa yao ya mwisho ya SPARC, aina iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za Solaris, ni M8 ya 2017. Soko lililobaki ni la walioshindwa kuhama.

Na kuhama si mchezo. SPARC huandika namba ikianza na baiti nzito, yaani yenye thamani kubwa. Intel huanza na nyepesi. Chukua faili la hesabu lenye namba za baiti 4, lipeleke upande wa pili bila kuligeuza: shilingi 1 inasomeka shilingi 16,777,216. Nilipoliona hilo mara ya kwanza, kwenye mashine ya majaribio namshukuru Mungu, nilifikicha macho. Ongeza na programu ambayo aliyeiandika kastaafu, msimbo chanzo haujulikani uliko. Hapo meneja anaona heri alipie mkataba wa matengenezo mwaka mmoja tena. Mwakani atasema hivyo hivyo.

Wateja wapya je? Watoke wapi? Sun wenyewe walianza kuufungua msimbo kwa kila mtu mwaka 2005, na utamu wa Solaris ukatoka nje. ZFS, mfumo wake wa kuhifadhi faili, unaogundua data iliyoharibika kwenye diski na kuirekebisha kama kuna nakala nyingine, leo uko kwenye mifumo endeshi ya bure ya FreeBSD na Linux. Mchele wa Kyela ukishafika soko la Mwanjelwa hapa mjini, nani atapanda gari hadi Kyela kuufuata? (Kwangu mimi walifanya jambo la maana. Kibiashara ni habari nyingine.)

Kwa hiyo nilimwambia aanze na Linux, aijue barabara. Solaris aisome baadaye, tena kwa jicho la mtu atakayeitwa kuhamisha wengine, kwa sababu kazi hiyo wanaoiweza tunapungua na malipo yake yanapanda. Ni kama fundi wa zile Land Rover kuukuu zinazoshusha viazi Mbalizi: gari jipya hauzi, ila gereji haikauki.

Akauliza, "Basi kitabu nikiuze?"

Nikamuuliza bei. Changu kiliazimwa na mtu wa Iringa, hakijarudi.