Kimepimwa na nani?

Jumamosi asubuhi, chai haijapoa, simu inaita. "Injinia, shikamoo. Nimeelekezwa kwako na dada wa saluni. Nina kiwanja changu Chanika kule ndani, kimeshapimwa, nataka unitolee hati tu."

Mimi ni mpima ardhi, si injinia, ila hilo nimeshaacha kulipigania. Hati nayo sitoi mimi, anatoa Kamishna wa Ardhi. Lakini lililonifanya niweke kikombe chini ni hilo "kimeshapimwa". Wiki hiyo lilikuwa la nne.

Nikauliza: kiwanja namba ngapi, kitalu gani? Kimya. Ramani ya upimaji imesajiliwa kwa namba gani? Kimya tena. "Kaka, kina bikoni zote nne, yaani zege za kona. Ngoja nakutumia picha."

Picha ikaingia. Zege limesimama kwenye mchanga, katikati limechomekwa kipande cha nondo ya milimita 12. Halina herufi, halina namba. Umbo lake pana juu, jembamba chini, na pembeni kuna mkunjo uliozunguka mduara wote. Nililitazama kidogo nikalitambua: limemwagwa kwenye ndoo ya sado. Fundi alijaza zege kwenye ndoo ya rangi, akasubiri likauke, akaigonga chini, bikoni ikatoka. Zikitoka nne, "kiwanja kimepimwa".

Sasa nisikilizeni, maana nimechoka kulieleza hili kwenye simu.

Kiwanja kilichopimwa maana yake ni kwamba kulikuwa kwanza na mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa, unaoonyesha hapa makazi, hapa shule, hapa barabara. Akaja mpima mwenye sifa, akaubeba mchoro ule hadi ardhini, akapanda bikoni zenye namba, akachukua vipimo, akapeleka kazi yake kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Ikakaguliwa, ikaidhinishwa, ikasajiliwa, ikapewa namba. Siku hiyo ndiyo kiwanja kilipimwa. Kabla ya hapo una eneo ambalo mtu alipita na mashine. Mimi mwenyewe nina kazi nilizomaliza porini, bikoni zangu halisi ziko chini na namba zake, na bado siwezi kumwambia mteja kwamba kimepimwa kwa sababu ramani iko mezani kwa mtu inasubiri sahihi.

Dalali hutumia neno hilohilo kwa mambo manne tofauti. Kuna ambacho kweli kimesajiliwa. Kuna ambacho kina mchoro wa mipangomiji tu, na hapo ndipo wauzaji wengi wa viwanja vya mkopo wanapoishia huku bango limeandika VIWANJA VILIVYOPIMWA kwa herufi kubwa. Kuna kilichokatwa kwa ile GPS ndogo ya mkononi. Na kuna kilichokatwa kwa miguu na kamba ya katani. Vyote hivi, ukiuliza, "vimepimwa, bosi". Kwa hiyo usimuulize muuzaji kama kimepimwa. Muulize namba ya ramani. Akikupa, nenda nayo ofisi ya ardhi ya halmashauri. Akianza kukueleza kwamba eneo lina upepo mzuri, umeshajibiwa.

Halafu kuna miguu. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndiyo inayonikera kuliko zote.

"Nauza 20 kwa 20, milioni 8." 20 kwa 20 nini? Mnunuzi kichwani anaona mita, yaani mita za mraba 400. Muuzaji anajua ni hatua, na yeye ndiye anayezipiga. Nilishawahi kuitwa kupima kiwanja cha 20 kwa 20 alichonunua bwana mmoja kwa mzee ambaye, kwa heshima zote, ni mfupi na goti lilikuwa linamsumbua. Nilivuta tepu: 15.4 kwa 14.9. Hiyo ni mita za mraba 229 na ushei. Mnunuzi alikuwa amelipia 400, na ramani ya nyumba ya vyumba vitatu (kimoja masta, choo cha pabliki, sebule, dainingi na stoo) alishaichoresha kwa hesabu ya 400. Mzee hakumwibia mtu. Alipiga hatua 20 mbele yake, wote wakahesabu kwa sauti, mjumbe akashuhudia. Kila mtu alikuwa mkweli na kiwanja bado kilipungua.

Kwenye mashamba ni hivyohivyo. Wanasema ekari ni hatua 70 kwa 70, na ukweli ni kwamba wazee hawakukosea. Ukiichukua hatua kuwa yadi moja, 70 ni mita 64, na 64 kwa 64 ni mita za mraba 4,096. Ekari ni 4,047. Hapo wamelenga vizuri kuliko baadhi ya vijana wangu wa kazi. Tatizo linaanza pale kijana wa mjini anapoandika kwenye mkataba "mita 70 kwa 70". Ameshaandika 4,900. Na mzee wa goti akizipiga hizo 70 kwa hatua yake ile, mnunuzi anaondoka na kama 2,800. Tofauti kati ya hizo mbili ni viwanja vitano na ushei vya mita za mraba 400, na vyote vinaitwa ekari moja, kwa nia njema kabisa.

Mkataba uandikwe mita, zivutwe kwa tepu, pande zote nne, na ulalo mmoja wa kona kwa kona. Ulalo usiache. Pande nne peke yake hazikuonyeshi kama kiwanja kimelala upande kama kitanda cha kamba kilicholegea.

Mengine nayapitia haraka. Ofa ni barua ya toleo: serikali imekubali kukumilikisha kwa masharti, ukayatimize. Hati ndiyo hatimiliki yenyewe, na hata hiyo ina muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, kwa sababu ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Wewe una haki ya kuikalia na kuitumia, na kila mwaka unalipa kodi ya pango la ardhi. Ndiyo, pango, neno lilelile la mpangaji, na halikuchaguliwa kwa bahati mbaya. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi, kwa wanaokaa maeneo ambayo hayakupangwa, si hati. Hati ya kimila ni ya ardhi ya kijiji, iko kwenye sheria yake, Namba 5 ya 1999, na ukiwa nayo usikubali mtu akwambie ni karatasi ya kijinga.

Ile karatasi ya serikali ya mtaa, yenye muhuri wa bluu na mashahidi sita? Ni mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa. Una faida yake siku ya ugomvi: unaonyesha kwamba fulani alimuuzia fulani mbele ya watu. Hauonyeshi kwamba fulani alikuwa na cha kuuza. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia, hagawi ardhi. Kuhusu ile asilimia 10 ambayo baadhi ya ofisi huiomba kabla ya kugonga muhuri, nimeuliza mara nyingi nionyeshwe imeandikwa wapi. Huwa naambiwa nirudi Jumatatu.

Na anayenunua chenye hati naye asilale. Kafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kulipa. Hati inaweza kuwa halali na nyumba imewekwa rehani benki.

Sasa mtasema, basi kikipimwa kweli tumepona. Aah.

Ramani nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, yaani njia ya zamani ya kutaja mahali kwa namba. Simu yako na vifaa vya siku hizi vinasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukizichukua namba za kona (koordineti) kwenye ramani ya zamani ukaziingiza kwenye simu hivyohivyo, kiwanja kinaruka takriban mita 300. Nimeshamkuta mtu amesimama kwa majivuno kwenye shamba la mihogo la watu, ananionyesha kwenye skrini kwamba ni lake. Na hata ukibadilisha mfumo sawasawa, simu ina kosa la mita kadhaa mahali peupe, chini ya mwembe ndiyo usiseme. Mita tatu ni upana wa chumba cha kulala. Usigombane na jirani kwa ushahidi wa simu.

Hata sisi wenye mashine za mamilioni tuna siku zetu. Maeneo kama Sinza yalipimwa miaka ya 1970. Unakwenda, unachimba na jembe, unaikuta bikoni ya zamani, namba inasomeka, moyo unafurahi. Unaweka mashine juu yake, inakwambia iko sentimita 60 kutoka pale ramani inaposema. Tulifundishwa darasani kwamba bikoni ya asili ambayo haijasogezwa ndiyo inayotawala, namba inaifuata. Sawa. Lakini nani aliyekuwepo miaka yote hiyo anithibitishie kwamba haijasogezwa? Hapo pamepita bomba la maji, mzizi wa mwarobaini, greda la barabara na ukuta wa jirani. Nimewahi kulazimika kuamua mara mbili. Moja naitetea popote. Nyingine nilitetea bikoni, jirani akavunja ukuta, na mpaka leo nikipita mtaa ule naangalia upande mwingine.

Turudi kwa dada wa Chanika, yule aliyenipigia Jumamosi. Aliniuliza kama ametapeliwa, nikamwambia bado sijui, na ndivyo ilivyokuwa. Aliyemuuzia anaweza kuwa mwenye eneo halali kabisa, aliyependa tu kumpendezesha mteja kwa ndoo nne za zege. Nikaenda Jumanne, nikachukua vipimo vya hizo bikoni za sado, nikavipeleka halmashauri tukaviweka juu ya mchoro wa mipangomiji. Mchoro upo, umeidhinishwa, na eneo ni la makazi, nikashusha pumzi. Kisha yule kijana wa ofisini akakuza picha. Barabara ya mita 12 inaingia kona ya kaskazini na kutokea katikati ya upande wa mashariki.

Nikampigia. Akasikiliza vizuri, akashukuru, akasema Mungu mkubwa, si kiwanja chote. Nikamuuliza kama ameshaanza kujenga.

"Hapana kaka, nimeshusha tripu mbili tu za mawe, na fundi amechimba msingi jana."

"Upande gani?"

"Huohuo wa kaskazini. Alisema ndiko kuna upepo."