Ukihamisha tangi la samaki, okoa sponji kwanza

Nimeambiwa tena: "Fundi, mara hii sina wasiwasi. Maji ya zamani, yenye bakteria wazuri, nimeyatunza yote kwenye madumu, hakuna tone lililomwagika." Nikauliza, na filta? "Hiyo nimeiosha bombani ikatakata, ipo uani inakauka." Yaani kilichopakiwa kwenye kirikuu kwa uangalifu ni maji machafu, na kilichotakiwa kuokolewa kimeanikwa juani.

Nasikia hivi hapa Tanga kuanzia Ngamiani hadi Pongwe, na nimechoka kuona samaki wakifa siku ya nne baada ya kuhama huku mwenye tangi akilaumu safari.

Bakteria wanaogeuza amonia, yaani sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, hawaelei majini kwa wingi wa kutegemewa. Wameng'ang'ania kwenye sponji ya ndani ya filta, changarawe, mawe, hata kioo. Minya sponji iliyofanya kazi miezi kadhaa: inatoa utelezi wa kahawia, na ikiwa hai hunukia udongo mbichi. Huo utelezi ndio uhai wa tangi. Klorini ya bombani imewekwa iue vijidudu, nayo haichagui.

Basi sponji iingie kwenye ndoo yenye maji ya tangi, ikae kivulini, na kama una pampu ya hewa ya betri, iwashe humo humo. Usiiache ndani ya filta ya kopo, ile ya nje yenye kifuniko, ikiwa imefungwa kabisa. Bakteria hawa wanataka oksijeni, na maji ya nyuzi 28 hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Kopo likifunguliwa jioni likatoa harufu ya mayai viza, maji yake yamwage mbali na samaki. Vitabu vinataja saa ambazo sponji inaweza kuvumilia bila mzunguko kana kwamba sponji zote ni sawa. Siviamini. Ya tangi lenye samaki wengi huchacha mapema, ya tangi jepesi hustahimili. Mimi nafuata pua.

Mengine haraka. Lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo tangi lisibebwe na maji wala changarawe. Viungo vya silikoni vitaachia. Samaki usiwape chakula siku moja kabla ya kuhama. Maji ya bomba ya hapa mjini, yatokayo bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, pampu ikipuliza, ili klorini itoke, au tia dawa ya kuiondoa. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haiondoki kwa kusubiri, hapo ni dawa tu. Visima vya pwani vipime kwanza, maana vingine vina chumvi.

Je, maji ya zamani hayana kazi? Yanayo, ila si ile mnayoiamini. Yanapunguza mshtuko. Tangi lililokaa miezi bila kubadilishwa maji hushuka pH, yaani kipimo cha uasidi (ikishuka, maji ni ya asidi zaidi), na kujaa nitrati, na samaki wamezoea polepole. Ukiwatia ghafla kwenye maji mapya matupu, unawaumiza. Beba theluthi au nusu, lakini wiki kadhaa kabla ya kuhama anza kubadilisha kidogo kidogo, ili hayo ya zamani yafanane na mapya. Kubeba uchafu wote wa nusu mwaka ni kuwahamisha samaki pamoja na maradhi yao.

Sasa linalonikera kuliko yote: kudondoshea maji ya tangi, tone kwa tone, kwenye mfuko wa samaki baada ya safari ndefu, eti ayazoee. Kwa safari fupi, kama Chumbageni hadi Raskazone, dondosha upendavyo. Lakini samaki aliyetoka Dar es Salaam amepumulia mfuko uliofungwa kwa saa nyingi. Kabonidioksidi imejaa, pH imeshuka, na amonia aliyoitoa imebaki zaidi katika umbo lisilo na sumu kali. Ukifungua tu, gesi inatoka na pH inapanda. Kwenye nyuzi 28, pH ikiwa 7, umbo lenye sumu halifiki asilimia 1 ya amonia yote. Ikifika 8, linazidi asilimia 6. Nawe umekaa saa nzima unamdondoshea maji ya pH 8 ndani ya uchafu wake! Mbuna, wale samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, ndio wanaoponzwa zaidi, kwa sababu maji wanayoyapenda ni hayo hayo ya pH ya juu.

Uache mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa, dakika 20, joto lilingane. Fungua, mvue kwa wavu, mtie tangini, maji ya mfuko yamwage.

Kanuni hii nayo ina shimo, na silifichi. Maji ya tangi yakiwa tofauti sana na aliyotoka nayo, hasa kwa chumvi, kumtia ghafla kunaweza kumuua vilevile. Hapo nachagua dhara dogo, na mara nyingine napoteza samaki. Ndiyo maana namuuliza muuzaji pH yake kabla mfuko haujafungwa, nikaandaa maji yanayokaribiana.

Wiki ya kwanza lisha kidogo, pima amonia na nitriti kila siku, na zikionekana badilisha robo ya maji. Ukungu mweupe ukitanda siku ya pili au ya tatu, ongeza hewa, punguza chakula, na sponji usiiguse.