Dizeli si nafuu kwa kila safari
Wanunuzi wengi wa magari Nairobi wangali wanaamini kwamba gari dogo la dizeli, kwa kuwa hutumia mafuta kidogo kwa kila kilomita, ni nafuu popote liendeshwapo. Kwa safari ndefu ya Mombasa, hilo ni kweli. Lakini dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, ambalo hujisafisha kwa kuyachoma masizi hayo katika joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi, joto lisilofikiwa kwa urahisi na gari linalosota kwenye foleni ya Jogoo Road kila asubuhi. Chujio likiziba, taa huwaka kwenye dashibodi na injini hupungua nguvu. Wapo mafundi watakaoshauri likatwe, ushauri mbaya. Gari la haibridi, yaani lenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, hufaidi foleni hiyohiyo, kwani kila linapopunguza mwendo hurudisha umeme kwenye betri.