Riba ya kikoba inarudi kwetu. Kwetu nani?

Jumamosi iliyopita nilikuwa Chanika, chini ya mwembe ambapo nimefundisha vikoba vitatu mpaka sasa, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Mjumbe mmoja alikuwa amemleta kijana mhamasishaji, koti la suti saa nane mchana, aje atuelekeze jinsi ya kuuaga umaskini. Alizungumza dakika arobaini. Mengi niliyavumilia. Aliposema siri ya matajiri ni kuamka saa kumi alfajiri nilicheka kimoyomoyo, maana nusu ya kina mama aliokuwa anawaambia, saa kumi wanakuwa wameshafika Feri wanagombea ndoo za samaki. Kisha akasema lile neno: "Ukikopa benki, riba inakwenda kwa benki. Ukikopa kikoba, riba inarudi kwenu wenyewe. Kwa hiyo kopeni bila hofu, mnajilipa!"

Vigelegele.

Hii ni mara ya nne mwaka huu naisikia. Na ili nisijifanye mtakatifu, miaka ya mwanzo na mimi niliisema. Nilifundishwa hivyo, nikafundisha hivyo, mpaka siku mama mmoja muuza chapati aliponiletea kitabu chake baada ya mgao wa mwisho wa mzunguko akaniuliza, "Mwalimu, hii riba iliyorudi ni ipi? Mbona yangu siioni?" Nilikaa na kitabu kile usiku mzima. Asubuhi niliona aibu.

Ngoja niweke namba. Kikundi cha watu 25, hisa moja shilingi 2,000, mwisho hisa tano kwa wiki kwa kila mtu, mzunguko wa wiki 50. Tuseme hadi kuvunja, yaani kugawana pesa zote, kikundi kizima kimenunua hisa 3,000, yaani milioni 6, na riba zote zilizokusanywa ni milioni 1.8. Sandukuni mna milioni 7.8. Gawanya kwa hisa 3,000, kila hisa inatoka na 2,600. Hadi hapo kila mtu anafurahi, hata mimi.

Sasa tuwatazame wawili. Wa kwanza nitamwita Mama Tano, kwa sababu kila wiki anagonga mihuri mitano kitabuni, muhuri mmoja kwa kila hisa. Ana duka la vipodozi, mume wake ana mshahara, na mwaka mzima hajakopa hata mia. Ana hisa 250. Ameweka 500,000, anaondoka na 650,000.

Wa pili ni Mama Moja. Muhuri mmoja kila wiki, na ule mmoja wenyewe wiki nyingine anaupata kwa kukimbizana na wadeni wa chapati. Ana hisa 50, ameweka 100,000, anaondoka na 130,000. Anapigiwa makofi kama mwenzake. Lakini Mama Moja alikopa mara mbili: wiki ya 25 alichukua 150,000 kwa miezi mitatu, na wiki ya 38 akachukua 200,000 kwa miezi mitatu. Riba asilimia 10 kwa mwezi. Mkopo wa kwanza alilipa riba 45,000, wa pili 60,000. Jumla 105,000.

Rudia kusoma taratibu. Akiba yake ya mwaka mzima ni laki moja. Riba aliyolipa ni laki moja na elfu tano. Katika riba hiyo, iliyomrudia ni 30,000. Zile 75,000 zilizobaki zimekwenda kwa wenye hisa nyingi, Mama Tano akiwa wa mbele. Hakuna aliyeiba, vitabu ni safi, mhasibu ni mwaminifu. Ndivyo chombo chenyewe kilivyoundwa: riba inalipwa na mkopaji, inagawanywa kwa mwenye hisa. Inakurudia sawasawa pale tu ambapo sehemu yako katika riba zote inalingana na sehemu yako katika hisa zote. Mwenye hisa moja anayekopa kila mara hafiki hapo kamwe.

Kwa hiyo mtu akisema "inarudi kwetu", mimi sasa huuliza, kwetu nani? Vikundi vingine, hasa vyenye Waislamu wengi, hawaiiti riba, wanaiita shukrani au ongezeko. Jina ni lao na sababu zao naziheshimu. Hesabu haijali jina.

Kuna na jambo dogo linalonikera zaidi kwa sababu hata walimu wenzangu wanalipita kama hawalioni. Hisa iliyonunuliwa wiki ya kwanza na hisa iliyonunuliwa wiki ya 48 zinatoka na faida ileile ya 600. Ya kwanza imefanya kazi mwaka mzima, imekopeshwa, imerudi, imekopeshwa tena. Ya pili imelala sandukuni wiki mbili. Wajanja wanalijua hili. Utawaona mwanzo wa mzunguko wananunua mbilimbili, ikifika wiki ya 40 wanagonga tano kila mkutano. Ndiyo maana navishauri vikundi vifunge kuuza hisa mapema kidogo kabla ya kuvunja. Vingine vinakubali. Vingine vinaniambia, "Mwalimu, unatunyima kuweka akiba," na anayesema hivyo, kwa kawaida, ni mmoja wa wale wa wiki ya 40.

Halafu ile asilimia 10 yenyewe. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wale wanaokopesha bila kupokea amana, ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Sisi wa daraja la nne, vikundi tulioingizwa kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, tunatozana karibu mara tatu ya hiyo, na tunashangilia. Ukimtaja kausha damu, yule mkopeshaji wa mtaani, mbele ya wanakikundi watamlaani mpaka mate yawakauke, na wana haki, maana huyo anatoza anavyotaka na anabeba hadi godoro. Lakini nimewaona kina mama wanaokopa kausha damu ili walipe rejesho la kikoba, wiki tatu baadaye wanakopa kikoba ili walipe kausha damu. Mtu wa namna hiyo haumwi na ukosefu wa nidhamu. Nidhamu yake ingeendesha jeshi.

Msinielewe vibaya, mimi si adui wa kikoba, ndicho kinachonilisha. Asilimia 10 si ghali kwa kila mtu. Mama wa dagaa anayekopa 100,000 na kuizungusha mara nne kwa mwezi, akibaki na 12,000 kila mzunguko baada ya nauli na ushuru, ana 48,000. Analipa riba 10,000 na analala usingizi. Mkopo wa ada ya shule ni kitu kingine kabisa. Ada haizai wiki ijayo. Mkopo wa msiba hauzai. Mkopo wa kumlipia mgonjwa dawa hauzai. Tunaitoza mikopo yote riba moja, na wanaokopa kwa ajili ya ada na dawa ndio haohao wenye hisa moja. Ukitaka kujua kwa nini mtu amekaa kikoba miaka sita na bado yuko palepale, anza hapo, uache kumhesabia vikombe vya chai.

Kwa hiyo kikoba kina faida gani? Jibu langu halitapigiwa vigelegele: ni ule mfuko wa jamii, wa kumsaidia mwenzetu akifiwa au akilazwa. Zile mia tano mnazozitoa huku mnaongea, ambazo hata katibu anaziandika haraka ili afike kwenye hisa. Watu 25, mia tano kila wiki, wiki 50: 625,000. Haigawiwi kwa hisa, haina faida, na ndiyo pesa iliyowaokoa watu wengi zaidi katika vikundi nilivyovifundisha.

Nitajitolea mfano mwenyewe. Mwaka 2014 nilikopa laki sita kikundini nikafuga kuku. Nilikuwa nawafundisha watu ujasiriamali, nikaona haipendezi mwalimu asiwe na mradi. Kideri kiliingia Jumatatu, Ijumaa nilikuwa nachimba shimo. Kuku mia mbili. Chanjo niliiahirisha wiki mbili ili kubana matumizi, mimi mwenyewe, mwalimu. Rejesho lilipofika niliuza cherehani yangu. Niliinunua 280,000, nikaiuza 150,000 kwa jirani aliyejua fika kwamba nina shida. Simlaumu, na mimi ningefanya vilevile. Hapo ndipo nilipoelewa kilichonipata: kuku walikufa mara moja, lakini cherehani ilikuwa inaniingizia kila siku, na niliiuza nusu bei kwa sababu nilikuwa na siku tatu tu. Nilitumia miaka miwili kurudi nilipokuwa.

Mwaka uliofuata mama yangu alilazwa. Mfuko wa jamii ulitoa 50,000, wanakikundi wakachanga nyingine, na kiwanja changu kidogo cha Msongola hakikuguswa. Kiwanja hicho leo kina vyumba viwili na mpangaji. Nikiulizwa nilifanya biashara gani kubwa nikapata nyumba, sina la kusimulia. Kuna wiki moja ambayo sikulazimika kuuza.

Kwa hiyo nikiingia kwenye kikundi kipya siku hizi, siulizi mna hisa ngapi. Nauliza mfuko wa jamii una shilingi ngapi, na mtu akifiwa au akilazwa anapata baada ya siku ngapi. Kikundi kinachosubiri mkutano wa Jumamosi ili kimpe mgonjwa wa Jumatatu, kimeshamuuzia cherehani.

Mgao, kwa kifupi. Wengi huvunja Desemba, na Desemba ina sikukuu mbele na ada ya Januari nyuma yake. Nimejaribu kuwashawishi wavunje Juni, nikaonekana mchawi. Anayeweza kuhimili, anunue tofali siku ileile ya mgao, kabla hajafika nyumbani. Wasomi wanatucheka kwamba tunalundika tofali uani miaka mitano. Waache wacheke. Laki mbili ikiwa kwenye simu, shemeji anaijua. Ikiwa tofali, hakuna shemeji anayekuja kuazima tofali thelathini amalizie nauli. Saruji usilundike, inaganda. Wenye kiasi kikubwa kidogo waangalie mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT na hatifungani za serikali, hapo sina la kubishana. Na wanaoniambia wanaiacha yote sandukuni mpaka mzunguko ujao "kwa usalama": amana ya benki inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi milioni 7.5. Sanduku letu linalindwa na kufuli tatu na mlango wa mbao wa mweka sanduku.

Sasa sehemu ambayo kwenye mafunzo siisemi, kwa sababu anayelipia semina huwa yupo. Sina uhakika kwamba vikoba vinawatoa watu kwenye umaskini. Kuna utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, Malawi na Uganda, ukachapishwa mwaka 2017, ambao ulilinganisha maeneo yaliyopelekewa vikundi vya namna hii na ambayo bado hayajapelekewa. Walikuta watu wanaweka akiba zaidi, wanakopa zaidi, wanawake wana sauti zaidi nyumbani. Lakini matumizi ya kaya, ambayo ndiyo kipimo cha kama watu wanakula na kuishi vizuri zaidi, kwa wastani hayakuonekana kupanda. Nilipousoma nilikasirika siku mbili, halafu nikatoa madaftari yangu ya zamani.

Waliopanda kweli katika madaftari yangu, wale ninaowaona leo wana nyumba au duka la jumla, karibu wote walikuwa na kitu cha pili nje ya kikoba: mume mwenye ajira, kaka aliye Muscat anayetuma, shamba la urithi Mkuranga, nyumba ya familia isiyo na kodi. Kikoba kiliwasukuma, ila tayari walikuwa na matairi. Mama Moja, mwenye chapati tu, nilimwona anasimama imara zaidi anapopigwa. Kupanda, mara chache sana. Je, bila kikoba angekuwa wapi? Huenda chini zaidi. Sina Mama Moja wa pili asiye na kikoba nimweke pembeni nilinganishe.

Turudi mwembeni. Kijana alipomaliza nilimshukuru, nikamwomba chaki. Niliandika namba zile ubaoni, Mama Tano na Mama Moja, bila kumtazama mtu. Kukawa kimya. Kisha mama mmoja wa nyuma, mwenye mtoto mgongoni, akasema, "Kwa hiyo mwalimu, mimi ndiyo nawalisha?" Wakacheka wote, lakini si kicheko cha kufurahi.

Nilipendekeza mambo mawili. Mikopo ya ada na matibabu iwe ya asilimia 3 kwa mwezi, ya biashara ibaki 10. Na mchango wa jamii upande kutoka mia tano hadi elfu moja. La jamii lilipita bila ubishi, jambo ambalo sikulitegemea. La riba lilipigwa teke. Mweka hazina, ambaye ni mtu mwema na hisa zake ni tano kila wiki tangu nimfahamu, alisimama akasema kwa upole, "Mwalimu, tukipunguza riba, mwisho wa mwaka tutagawana nini?" Waliomuunga mkono ni pamoja na wakopaji watatu wa hisa mojamoja.

Yule mama mwenye mtoto mgongoni ameomba ajenda irudishwe. Mwenyekiti amemwambia alete maombi kwa maandishi. Hajui kuandika vizuri, kwa hiyo Alhamisi anakuja kwangu, nimeshamtolea kalamu.