Chanjo ya saratani inayotokana na seli za mgonjwa mwenyewe

Neno "chanjo" hapa linachanganya watu. Ukilisikia unamfikiria mtoto anayechomwa sindano ya surua, au wasichana wanaochanjwa dhidi ya virusi vya HPV wasije wakapata saratani ya mlango wa kizazi. Hizo zinakinga. Hii anapewa mtu ambaye tayari anaugua saratani. Imeitwa chanjo kwa sababu ya kazi yake mwilini: inaifundisha kinga ya mwili kumtambua adui.

Mwalimu wa somo hilo ni seli iliyoelezwa mwaka 1973 na Ralph Steinman na Zanvil Cohn wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Ina matawi kama mti, wakaiita seli ya dendriti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mti. Anayemjua mjumbe wa nyumba kumi ataielewa upesi. Mjumbe hakamati mtu. Akimtilia shaka mgeni, anapeleka taarifa kituoni, askari ndio wanaokuja. Seli ya dendriti nayo humeza kipande cha kirusi, hukibeba hadi kwenye tezi za limfu (zile zinazovimba kinenani ukiwa na kidonda mguuni) na kukionyesha kwa seli T, ambazo ndizo askari wenyewe.

Sasa, saratani si mgeni. Ni mtoto wa mtaa huohuo aliyeharibika. Mjumbe anapishana naye kila siku na haoni la kuripoti. Ndipo likaja wazo la kumtoa mjumbe nje ya mwili, kumwonyesha picha ya mhalifu, kisha kumrudisha mtaani.

Chanjo ya namna hii iliyopata kibali Marekani, Aprili 2010, inaitwa Provenge. Ni ya wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa na isiyosikia tena matibabu ya kushusha homoni. Mgonjwa hukaa kwenye mashine kwa muda wa saa 3 hadi 4, ikichuja seli nyeupe na kumrudishia damu iliyobaki. Seli hizo hupelekwa kiwandani, zikachanganywa na PAP, protini iliyo nyingi kwenye seli za tezi dume, iliyounganishwa na kichocheo cha kuziamsha. Baada ya siku kama 3 zinarudi kwenye mfuko wenye utambulisho wake, anatundikiwa dripu kwa takriban saa moja. Hufanyika mara 3, kila baada ya wiki 2 hivi. Mfuko wenyewe una uhai wa saa 18 tu. Ndege ikichelewa kupita hapo unatupwa, na mzee wa watu anarudi kwenye mashine kuanza upya, maana wa jirani yake haumfai.

Je, inasaidia? Katika utafiti wa wanaume 512, nusu ya waliopewa chanjo waliishi zaidi ya miezi 25.8, dhidi ya miezi 21.7 kwa wenzao ambao hawakupewa. Ajabu ni kwamba uvimbe kwa kawaida haukusinyaa, na hapo ndipo wataalamu walipobishana. Homa, baridi na uchovu huja na kupita. Ni nafuu mbele ya mateso ya kemotherapi. Bei ndiyo kitendawili: ilipoingia sokoni mwaka 2010 ilikuwa dola 93,000 kwa dozi zote 3. Kwa maoni yangu miezi 4 si midogo kwa mwenye nayo, ila kwa bei hiyo ni ya wachache. Kampuni iliyoitengeneza, Dendreon, iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2014, ingawa dawa iliendelea mikononi mwa wengine.

(Usiichanganye na CAR-T, tiba nyingine ya saratani inayotumia seli za mgonjwa. Kule anayebadilishwa ni askari, yaani seli T, tena kwenye vinasaba vyake.)

Steinman mwenyewe aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho mwaka 2007. Alijaribu chanjo zilizotengenezwa kwa seli zake za dendriti, pamoja na kemotherapi, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kipi kilimsaidia. Aliishi zaidi ya miaka 4. Alifariki Septemba 30, 2011, na siku 3 baadaye kamati ya Nobel, bila kujua, ikalitangaza jina lake. Kanuni haziruhusu kumtunuku marehemu. Bodi ya Taasisi ya Nobel (Nobel Foundation) ikakutana, ikaamua tuzo ibaki yake.