Nani Ametuchagulia cha Kubishania?

Msimu wa kampeni, pita Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, usikilize. Wiki hii watu wanabishania bandari, wiki ijayo hatimiliki za ardhi. Mada hizo hazizuki zenyewe.

Mwaka 1968, huko Chapel Hill nchini Marekani, watafiti Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 ambao hawakuwa wameamua wamchague nani. Masuala waliyoyataja kuwa muhimu yalikaribiana mno na yale yaliyopewa uzito na vyombo vya habari. Utafiti huo ulichapishwa 1972. Swali linalobaki ni hili: vyombo vyenyewe huletewa mada na nani?

Mara nyingi ni afisa mawasiliano wa mwanasiasa. Wengi hudhani kazi yake ni kuhonga au kutisha. Wapo wa namna hiyo, lakini aliye hodari humrahisishia mhariri kazi tu. Redio ya mashinani ina waandishi wachache, na kwenda vijiji vya mbali kama Faza au Kiunga kunataka boti na mafuta. Asubuhi simu inalia: taarifa iliyokwisha kuandikwa, picha, na sauti ya mheshimiwa iliyokatwa vizuri. Saa saba mchana iko hewani. Mvuvi ambaye nyavu zake zinarudi tupu hana wa kumtumia mhariri kitu kama hicho.

Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilizinduliwa Mei 2021, na sifa zilizovuma zilikuwa za biashara na ajira. Hazikuwa uongo. Lakini miaka mitatu kabla, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamuru wavuvi walioathiriwa na mradi huo walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Anayeuliza "kazi ngapi zitakuja?" na anayeuliza "nani kapoteza mahali pa kuvua?" wanaitazama bandari ile ile.

Wananchi nao wanaweza kuugeuza mjadala. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, kilichopangwa kujengwa Lamu, kilinadiwa kama suala la umeme. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wakazi, na wenzao wakashikilia afya, bahari, na kama wakazi walishirikishwa ipasavyo. Juni 2019, mahakama ya mazingira ilifuta leseni yake, na ushirikishwaji hafifu wa umma ulikuwa miongoni mwa sababu.

Kwa wahariri wa mashinani: kabla ya kusoma taarifa mliyotumiwa, mpigieni simu mwenyekiti mmoja wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wao. Ni rahisi kuliko boti.